Shilingi Kumi kwa Siku: Jinsi Chama, Dispensari na Mhudumu wa Afya Mtaani Wanavyoweza Kumfikia Asiye na Bima

Kama uko kwenye kikundi chochote cha WhatsApp cha mtaa, cha ukoo au cha kanisa, ujumbe huu unaujua. Kuna mgonjwa hospitalini, bili imefika mahali pabaya, tafadhali tuma chochote ulicho nacho kwa nambari hii. Watu wanatuma. Mwingine mia, mwingine mia mbili, mwingine elfu. Mara nyingi pesa inapatikana, lakini inapatikana baada ya mgonjwa kuchelewa kwenda hospitali, baada ya ng'ombe kuuzwa, na baada ya familia kukopa kila mahali pa kukopwa.

Somo letu la leo linahusu pesa hiyo hiyo, ila tunataka itangulie ugonjwa. Sisi hatuuzi bima wala hatutibu mtu. Kazi yetu ni malipo kwa simu. Lakini kila siku wateja wetu hutumia huduma yetu kuchangia bili za hospitali, na tunaona ni vizuri ujue jinsi mchango mdogo, ukipangwa mapema na majirani, unavyoweza kumfikisha mtu asiye na bima mbele ya daktari bila hofu ya bili.

Ukimaliza kusoma utakuwa umejua mambo manne:

1. Kile ambacho tayari ni chako ukishajisajili, hata kabla ya kulipa shilingi.
2. Nani wa kushirikiana naye mtaani mwako.
3. Jinsi chama cha watu 20 kinavyoweza kumlipia kila mwanachama mchango wa mwaka ndani ya wiki 20.
4. Jinsi ya kulinda pesa hiyo, ndani ya chama na dhidi ya matapeli.

Tumefikaje hapa?

Kulipia matibabu mfukoni si jambo geni Kenya. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilianzishwa mwishoni mwa 1989. Mwaka 2004 serikali ilizipunguza katika vituo vya chini: Sh10 kwa dispensari na Sh20 kwa kituo cha afya. Ndiyo maana wazee wengi bado wanakumbuka ile "kumi-ishirini". Kisha Juni 2013 ada hizo zikaondolewa kabisa katika dispensari na vituo vya afya vya umma.

Kwa upande wa bima, NHIF ilikuwepo tangu 1966, lakini kwa miaka mingi ilikuwa zaidi ya watu wenye payslip. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba ni takriban robo tu ya Wakenya waliokuwa na bima yoyote ya afya. Mama mboga, mtu wa boda boda, fundi wa jua kali, mkulima wa shamba dogo na mfanyakazi wa nyumbani, wengi wao walikuwa nje.

Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne mpya za afya. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Kufikia katikati ya 2025 serikali ilisema watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamejisajili. Lakini katika sekta isiyo rasmi, wanaolipa mchango walikuwa sehemu ndogo tu ya waliojisajili.

Hapo ndipo penye shida. Kujisajili ni hatua moja, kulipa ni nyingine. Mtu anaweza kuwa na uhakika kwamba "ako SHA" mpaka siku atakapofika hospitali akaambiwa hajalipiwa.

Cha kwanza: kuna kitu ambacho tayari ni chako

Ili kuelewa SHA vizuri, kumbuka kwamba kuna mifuko mitatu ya pesa.

Mfuko wa Afya ya Msingi. Huu hulipwa na serikali. Ukishajisajili, unahudumiwa katika dispensari (kiwango cha 2) na kituo cha afya (kiwango cha 3) vilivyo na mkataba na SHA, bila kutoa mchango. Malaria, kikohozi cha mtoto, homa, kidonda, kupimwa presha: mambo ya aina hiyo yanaanzia hapo.

Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii (SHIF). Huu ndio unaohitaji mchango wako. Unashughulikia mambo makubwa kama kulazwa, upasuaji na kujifungua.

Mfuko wa Dharura na Magonjwa Sugu. Huu ni wa dharura, na wa yale magonjwa ambayo gharama yake inazidi kiwango cha SHIF.

Kwa hivyo mtu ambaye hana hata shilingi ya kuchanga ana sababu nzuri ya kujisajili leo. Kujisajili ni bure. Unabonyeza *147# hata kwa kabambe, au unamwomba mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Uwe na kitambulisho chako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama unataka kuwaweka chini yako.

Kuna jambo jingine la kujua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma jijini Nairobi kwa kukosa kulipa bili ya uzazi walivunjiwa haki zao. Deni linabaki kuwa deni, lakini mgonjwa hafai kugeuzwa rehani.

Cha pili: mchango ni pesa ngapi hasa?

Sheria inasema kila familia ichangie asilimia 2.75 ya mapato yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, familia yake na hali yake ya maisha, kisha mfumo unakadiria kiasi chake. Halafu anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja.

Tufanye hesabu. Kwa anayelipa kiwango cha chini, Sh300 mara miezi 12 ni Sh3,600. Ukigawa kwa siku 365, inakuwa karibu Sh10 kwa siku. Kumi bob! Hiyo ni chini ya bei ya andazi na chai kibandani.

Lakini mtu anayeishi kwa mapato ya siku hana shida ya kutoa kumi bob. Shida yake ni kupata Sh3,600 zikiwa pamoja, siku moja, wakati kodi ya nyumba, karo na stoki vinazingoja pesa hizo hizo. Ukiweka akiba peke yako nyumbani, wiki ya tatu mtoto anafukuzwa shule, na akiba inaondoka.

Sasa linganisha na hasara. Mama akijifungua kwa njia ya kawaida, SHA hulipa kituo Sh10,000. Akifanyiwa upasuaji wa kujifungua, hulipa Sh30,000. Familia ambayo haikulipa Sh3,600 inaweza kujikuta inatafuta mara nane ya pesa hizo usiku wa manane.

Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hupata mkopo wa kulipia mchango wa mwaka kisha anaurudisha kidogo kidogo. Kwa mtu aliye peke yake, ni njia mojawapo. Ukiichukua, soma kwanza utarudisha jumla ya pesa ngapi na kwa muda gani. Lakini ikiwa una majirani mnaoaminiana, kuna njia ambayo haina riba, na Wakenya tumeitumia miaka mingi kununua masufuria na mabati. Njia hiyo ni chama.

Cha tatu: washirika watatu mtaani mwako

Chama peke yake kinaweza kukusanya pesa, lakini hakijui ni nani mgonjwa kimya kimya, wala hakijui kama dispensari ina dawa. Kwa hivyo unahitaji meza yenye watu watatu.

Mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua rasmi wahudumu zaidi ya 100,000 kote nchini na kuwapa mikoba yenye vifaa kama mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani. Kila mmoja hutembelea takriban nyumba 100. Malipo yao madogo ya kila mwezi hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Huyu ndiye anayejua mama mjamzito wa plot ya tatu ambaye hajaenda kliniki, na mzee anayemeza nusu ya dawa za presha ili zisiishe haraka. Kama humjui wa kwenu, uliza kwenye dispensari iliyo karibu au kwa chifu.

Kamati ya dispensari au kituo cha afya. Vituo vya umma huwa na kamati ambayo wakaazi wa eneo wanawakilishwa. Wengi hawajui kwamba wanaweza kwenda kuiuliza maswali. Sheria ya 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya inataka pesa ambazo kituo kinapata zibaki zikitumika kituoni, badala ya kuyeyukia kwenye akaunti kuu ya kaunti. Kwa hivyo SHA ikilipa dispensari yenu kwa sababu wakaazi wengi wamejisajili na wanatibiwa pale, pesa hiyo inapaswa kuonekana kwenye dawa, glavu na maji. Na wakaazi wana haki ya kuuliza iko wapi.

Kikundi chenye pesa na nidhamu. Kinaweza kuwa chama cha akina mama, sako ya boda boda, jumuiya ya kanisa, kamati ya zaka ya msikiti, au kikundi cha vijana cha kuzoa taka. Muhimu ni kwamba watu wake wanakutana mara kwa mara na wamezoea kuchanga.

Hili si jambo la kubuni leo. Mwaka 2016 kaunti ya Makueni ilianzisha mpango ambapo familia ilijisajili kwa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za umma za kaunti. Kilichowavuta watu ni kwamba kiasi kilikuwa wazi, kilikuwa kimoja, na kililipwa kabla ya kuugua. Chama chako kinaweza kuiga somo hilo bila kusubiri kaunti.

Cha nne: mzunguko wa wiki 20

Tuseme kuna mama mboga 20 wa soko moja, liwe Kongowea, Kibuye au Gikomba. Wote wamejisajili SHA na wamekadiriwa Sh3,600 kwa mwaka. Huu ni mfano tu wa hesabu. Nyinyi mtaweka nambari zenu.

Hatua ya 1: Mjue mnadaiwa nini. Kila mwanachama abonyeze *147# na kuhakikisha amejisajili, watu wa nyumbani kwake wameandikwa, na amejibu yale maswali ya makadirio. Katibu aandike kiasi cha kila mmoja. Usijibu maswali kwa kubahatisha. Majibu yako ndiyo yanayoamua utalipa ngapi, na ukiona kiasi hakifanani na hali yako, ulizia ofisi ya SHA kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Changeni Sh180 kwa wiki. Watu 20 mara Sh180 ni Sh3,600. Maana yake kila wiki kuna familia moja inayolipiwa mwaka mzima. Wiki ya kwanza mmoja, wiki ya pili mwingine, na kufikia wiki ya 20 wote wamelipiwa. Hakuna aliyetoa zaidi ya Sh180 kwa wiki, na hakuna aliyelipa riba.

Mwenye makadirio ya juu zaidi anaongezea tofauti yake mwenyewe zamu yake ikifika. Msifiche jambo hili mwanzoni, kwa sababu ndilo linaloleta manung'uniko mwishoni.

Hatua ya 3: Pangeni zamu kwa hitaji. Kwenye chama cha masufuria mnapiga kura. Hapa kura haifai. Mwanachama mjamzito wa miezi sita hawezi kungoja wiki ya 18. Muiteni mhudumu wa afya ya jamii kwenye mkutano wa kwanza, awaeleze ni hali gani zinafaa kutangulia: ujauzito, kisukari, presha, mtoto anayelazwa mara kwa mara, upasuaji uliopangwa. Asitaje ugonjwa wa mtu mbele ya watu. Kila mwanachama azungumze naye kando, kisha yeye apendekeze mpangilio bila kutoa sababu.

Hatua ya 4: Mlipe papo hapo mkutanoni. Mwekahazina akimtumia mwanachama Sh3,600 halafu kila mtu aende nyumbani, pesa hiyo itakutana na njaa njiani. Hakuna ubaya wa mtu hapo. Ni pesa tu ndivyo ilivyo. Mwanachama alipe akiwa amekaa na wenzake, kupitia *147# kwenye simu yake mwenyewe. Ujumbe wa uthibitisho ukiingia, katibu anaandika tarehe, kiasi na nambari ya muamala kwenye daftari. Kisha mwanachama anabonyeza tena kuangalia kama hali yake imebadilika kuwa amelipiwa.

Hatua ya 5: Tumieni wiki zinazobaki. Baada ya wiki 20 zinabaki wiki 32 kabla mwaka wa yule wa kwanza haujaisha. Mkiendelea na Sh50 tu kwa wiki, watu 20 kwa wiki 32 ni Sh32,000. Hiyo ndiyo pesa ya nauli ya usiku, ya dawa ambazo dispensari imeishiwa, na ya kipimo ambacho hakimo kwenye bima. Kwa jumla kila mwanachama ametoa Sh3,600 na Sh1,600, yaani Sh5,200 kwa mwaka. Ukigawa kwa wiki 52, ni Sh100 kwa wiki.

Je, aliyelipiwa mapema akiacha kuchanga?

Hili ndilo swali litakaloulizwa kabla ya chai kunywewa, na ni swali halali. Aliyelipiwa wiki ya kwanza tayari ana bima ya mwaka. Ana sababu gani ya kutoa Sh180 wiki ya 15?

Yale yale yanayolinda mzunguko wa kawaida ndiyo yanayolinda huu. Kwanza, kila anayepata zamu za mwanzo awe na wadhamini wawili ndani ya chama. Pili, kubalianeni kwa maandishi kwamba asiyemaliza mzunguko haingii kwenye ule wa mwaka ujao, wala hagusi ile Sh32,000. Tatu, sajilini kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka angalau watu 10, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kikundi kilichosajiliwa kina katiba, na kina mahali pa kupeleka malalamiko.

Ila mtu anapokwama kweli, kwa mfano amefiwa au biashara imechomeka, chama kimpe nafasi. Mkimfukuza mwenye shida, mmeondoa ile sababu iliyowakutanisha.

Pesa ikae wapi?

Hapa sasa ni kwetu, na tutasema wazi.

- Isikae kwenye simu ya mtu binafsi. Hata kama mwekahazina ni mtu wa Mungu. Simu inaweza kupotea, mtu anaweza kuugua au kufariki, na familia yake haiwezi kutenganisha pesa ya chama na yake. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo pesa haitoki mpaka watu wawili au watatu waidhinishe.
- Pesa ya SHA isichanganywe na ya chama kingine. Kama mna mzunguko wa kununua vyombo, huo uendelee na daftari lake. Mkichanganya, siku ya vyombo ndiyo siku bima itakosa kulipwa.
- Changeni mara moja kwa wiki. Kutuma Sh25 kila siku kunaweza kumaanisha makato mara saba. Angalieni ada ya kutuma kabla ya kuamua ratiba. Ni kweli sisi hupata pesa kwenye ada hizo, lakini chama kinachodumu ni kizuri kwetu kuliko chama kilichokatwa mpaka kikafa.
- Taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti kila mwezi. Aisome mtu ambaye si mwekahazina.

Asiyeweza hata kumi bob

Kila mtaa una mtu ambaye hesabu hizi zote zinampita kando: mjane anayelea wajukuu, kijana mwenye ulemavu asiye na kazi, mzee anayeishi peke yake. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukusaidia kujua kama jirani yako yumo.

Kama hayumo, hapa ndipo kanisa, msikiti, sako na wenye maduka wanapoingia. Sh3,600 ni pesa ambayo kikundi kikubwa kinaweza kutoa kwa familia moja, mbili au kumi. Jambo moja tu: orodha ya watakaosaidiwa itoke kwa mhudumu anayeingia nyumba hizo na ipitiwe na wazee wa mtaa, isitoke kwa mwenye pesa. Na malipo yafanywe kwa jina na kitambulisho cha familia hiyo, ili mdhamini abaki na uthibitisho, na familia ibaki na heshima yake. Hakuna haja ya picha ya mjane akipokea bahasha.

Jilinde: ugonjwa huvutia matapeli

1. Usajili wa SHA haulipishwi. Anayekuomba pesa "ya kufungua faili" ni mwizi.
2. PIN yako ni yako. Hakuna mhudumu, nesi, afisa wa SHA wala mfanyakazi wetu atakayehitaji PIN yako ya pesa.
3. Namba ya siri ya mara moja hutolewa kwa sababu. Ukipokea ujumbe wenye namba ya kuthibitisha matibabu na wewe hauko kituoni, usimpe mtu. Kuna uwezekano mtu anatumia jina lako kudai malipo ya matibabu ambayo hukupata.
4. Usitume picha za vitambulisho kwenye kikundi cha WhatsApp. Katibu aandike nambari kwenye daftari, basi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kwa nini mtu anataka taarifa zako.
5. Ukiambiwa ndugu yako yuko hospitali, piga simu kwanza. Kisha ukitaka kuchangia bili, omba nambari ya Paybill ya hospitali na nambari ya mgonjwa, ulipe moja kwa moja. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN.

Maswali mnayoweza kuwa nayo

*Nimejisajili. Mbona hospitali inaniambia nilipe?*
Huenda uko kwenye hospitali ya kiwango cha 4 kwenda juu na mchango wako wa mwaka haujalipwa, au hospitali hiyo haina mkataba na SHA. Anzia dispensari au kituo cha afya pale ambapo si dharura. Kama unahitaji hospitali kubwa, watakupa rufaa.

*Dispensari yetu haina dawa. Kuna haja gani?*
Hili ni lalamiko la haki, na bima haiwezi kuweka paracetamol kwenye rafu kwa kuwepo tu. Ndiyo maana tumeiweka kamati ya kituo mezani. Tumeni watu wawili wa chama, mara moja kila baada ya miezi mitatu, wakaulize maswali matatu: SHA imewalipa nini, mmenunua nini, nini kimeisha. Kamati inayoulizwa hujibu tofauti na kamati ambayo haijawahi kutembelewa.

*Tuache harambee sasa?*
Hapana. Kuna magonjwa yanayozidi bima yoyote, na harambee ndiyo sisi. Lakini harambee ya mtu aliyelipiwa SHA huanza na bili iliyopungua.

*Mume wangu ameajiriwa na anakatwa. Na mimi nilipe?*
Mwenzi na watoto waliosajiliwa chini ya mchangiaji wanahudumiwa kwa mchango wake. Hakikisha umeandikwa chini yake. Usidhani tu, bonyeza uangalie.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Bonyeza *147# ujue hali yako. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako, uchukue nambari yake. Kisha kwenye mkutano ujao wa chama, kabla ya "mengineyo", uliza swali moja: sisi hapa, ni wangapi wamelipiwa mwaka huu?

Mikono itakayoinuka ndiyo itakayowaambia mzunguko wenu uanze na nani.